Miguu Ndiyo Irushayo Kisahani

Somo la redio kwa madarasa ya elimu ya watu wazima

(Mwalimu wa darasa: Kabla ya somo kuanza, andika ubaoni maneno haya kwa herufi kubwa: NYONGA, KISIGINO, GOTI, KIWIKO, UTI WA MGONGO. Sogeza madawati ukutani ili kila mwanafunzi apate nafasi ya kupiga hatua tatu. Acha mlango wazi.)

Natumaini nyote mmefika, na redio yenu yasikika mpaka nyuma ya darasa. Kama walio nyuma hawasikii, basi wasogee mbele sasa, tuanze pamoja.

Leo tutajifunza jinsi ya kurusha kisahani katika mchezo uitwao gofu ya kisahani. Najua baadhi yenu mtauliza, "Sisi tumekuja kujifunza kusoma na kuandika. Visahani vyatuhusu nini?" Swali hilo ni la haki, nami nitalijibu kabla ya kwenda mbele.

Kwanza, somo hili lina maneno ya mwili ambayo kila mtu anapaswa kuyajua kuyasoma na kuyaandika. Siku utakapokwenda kwa daktari na kumwambia unaumwa nyonga, si kiuno, atajua mara moja aanzie wapi. Pili, mchezo huu wafundisha jambo ambalo kila mtu afanyaye kazi kwa mwili wake hana budi kulijua. Jambo lenyewe ni hili: nguvu huanza ardhini, hupanda miguuni, hupita nyongani na mgongoni, na mwisho kabisa ndipo hufika mkononi. Mtu aanzaye na mkono huchoka upesi, hapati alitakalo, na baadaye huumia. Shikeni neno hilo: mkono ni wa mwisho.

MCHEZO WENYEWE

Wengi wenu mmesikia habari za gofu, mchezo wa kupiga mpira mdogo kwa fimbo mpaka uingie shimoni. Gofu ya kisahani ni ndugu yake. Hapa hapana fimbo wala mpira. Mchezaji hurusha kisahani cha plastiki, na mahali pa shimo pana kikapu cha chuma juu ya mlingoti, chenye minyororo inayoning'inia. Kisahani kikigonga minyororo, huanguka kikapuni. Anayefika kikapuni kwa mirusho michache ndiye mshindi. Uwanja huwa na vikapu 9 au 18, kati ya miti, vilima na mabonde.

Mchezo huu ulianza kupata viwanja vyake katika nchi ya Marekani. Uwanja wa kwanza wa kudumu uliwekwa mwaka 1975 katika bustani ya Oak Grove, jimbo la California. Aliyeusimamia ni Ed Headrick, ambaye ndiye pia aliyebuni kikapu cha minyororo. Mwaka 1976 kikaundwa chama cha wachezaji, kinachojulikana kwa herufi PDGA. Tangu hapo mchezo umevuka bahari, na katika nchi za Ulaya ya kaskazini kama Finland na Estonia una wapenzi wengi. Kristin Tattar, mwanamke wa Estonia, alikuwa bingwa wa dunia mwaka 2022, na tena mwaka 2023.

Sasa sikilizeni uzito wa chombo chenyewe. Kisahani cha kurushia mbali kina upana wa sentimita 21 hivi, na uzito wake ni gramu 175 au pungufu. Hiyo haifiki hata robo ya kilo. Mtoto aweza kukibeba kutwa nzima. Lakini mwaka 2016, katika jangwa la Nevada huko Marekani, David Wiggins alirusha kisahani mita 338, upepo ukimsaidia. Mita 338 ni zaidi ya viwanja vitatu vya mpira vilivyopangwa kwa urefu.

Je, kwa kitu chepesi namna hiyo, mtu mwenye misuli mikubwa ndiye atakayeshinda? Sivyo. Jiwe zito lahitaji msukumo mkubwa, lakini kitu chepesi chahitaji mwendo wa kasi na mzunguko. Na kasi haitoki katika unene wa mkono. Hutoka katika mpango mzuri wa mwili wote.

MVUVI WA KIMIA NA BASI LENYE BREKI

Mpango huo si mgeni kwetu. Ndugu zetu wa pwani wamemwona mvuvi atupaye kimia. Husimama imara, magoti yamekunjwa kidogo. Hukusanya wavu, hujigeuza kiunoni kuelekea nyuma, kisha mwili wote hurudi mbele, na mikono hufuata. Kimia hufunguka hewani kikawa duara. Mtu asiyejua hutupa kwa mikono mitupu, na wavu huanguka mahali pamoja kama nguo mbichi. Wavu ni ule ule. Kilichowatofautisha watu hawa wawili ni miguu na kiuno.

Mfano wa pili ni basi. Basi laenda kasi, na ndani kuna abiria waliosimama. Dereva akikanyaga breki ghafula, basi husimama, lakini abiria huendelea mbele kwa nguvu. Ndivyo ilivyo katika kurusha kisahani. Mwili watembea kuelekea lengo. Mguu wa mbele hukanyaga na kuwa breki. Nyonga zikizuiwa zisiende mbele zaidi, mwendo wote ule hauna pa kwenda ila kupanda juu: nyonga hugeuka, kifua hufuata, bega hufuata kifua, kiwiko hufuata bega, na mkono hufuata kiwiko. Kila kiungo humpa mwenzake mzigo kisha chenyewe hupunguza mwendo. Kisahani hupokea mwisho, nacho ndicho chenye kasi kupita vyote.

Kama dereva hana breki, basi lapita tu. Na kama mrushaji hana mguu wa mbele ulio imara, mwendo wake wote wapotelea njiani.

KUSIMAMA

Sasa simameni. Wazee wenye maumivu ya magoti au mgongo wabaki wamekaa, wafuate kwa macho na masikio. Nao pia wanajifunza.

Mlango wa darasa ndio utakuwa kikapu chetu. Nitasema kwa mtu atumiaye mkono wa kulia. Atumiaye mkono wa kushoto, geuza maneno yangu: nisemapo kulia, wewe fanya kushoto.

Usiutazame mlango uso kwa uso. Simama kwa ubavu, bega lako la kulia lielekee mlangoni. Sasa uso wako watazama ukuta mmoja wa darasa. Ukuta huo tuuite ukuta wa mbele yako. Miguu iachane kadiri ya upana wa mabega. Magoti yakunjwe kidogo. Wahenga walisema, mtaka cha mvunguni sharti ainame. Anayesimama na magoti yaliyonyooka kama mwiko hana nguvu ya kutoa.

Mnapoinama, msipinde mgongo kama upinde. Inameni kutoka nyongani. Nyonga ni pale paja linapoungana na kiwiliwili. Weka vidole vyako pale, kisha sukuma makalio nyuma kidogo, na kifua kitainama chenyewe, uti wa mgongo ukiwa umenyooka. Uti wa mgongo ndio mhimili wetu leo. Gurudumu huzunguka vizuri kama mhimili wake haukupinda. Na mwili pia ni hivyo hivyo.

(Kimya kidogo. Mwalimu apite kuwatazama wanafunzi.)

Sasa hamisheni uzito. Egemea mguu wa kushoto, wa nyuma, mpaka uhisi paja lake likifanya kazi. Kisha hamia mguu wa kulia, wa mbele. Rudi nyuma. Njoo mbele. Fanyeni hivyo mara tano, polepole. Kichwa kisipande wala kushuka sana. Huu ndio msingi wa kila kitu tutakachofanya.

Sasa ongezeni mkono. Mnapoegemea mguu wa nyuma, geuza mabega na kiuno mpaka mgongo wako uanze kuuonyesha mlango, na mkono wa kulia unyooke kuelekea upande ulio mbali na mlango, usawa wa kifua. Msiugeuze mwili kwa kuuvuta mkono. Geuzeni mwili, nao mkono utakwenda wenyewe. Macho nayo yaache mlango. Wengi huogopa kuacha kutazama lengo, wakabaki wamekaza shingo, na shingo iliyokazwa hulizuia bega lisigeuke. Mlango hauna miguu. Utaukuta pale pale utakaporudi.

HATUA TATU, NA YA NNE NI MKONO

Sasa tufike penye kiini cha somo. Mrushaji wa kisahani anapotaka kwenda mbali hupiga hatua tatu kuelekea lengo, akitembea kwa ubavu kama kaa wa pwani. Sikilizeni kwanza, msifanye bado.

Moja: mguu wa kulia hupiga hatua fupi kuelekea mlangoni.

Mbili: mguu wa kushoto hupita nyuma ya mguu wa kulia, miguu ikapishana kama alama ya msalaba. Wakati huu mabega yageuka na mkono waanza kwenda nyuma.

Tatu: mguu wa kulia hutoka tena, hatua ndefu kidogo, ukakanyaga na kusimama imara. Wakati mguu huu unapogusa ardhi, mkono umefika mwisho wake nyuma.

Nne: nyonga zageuka, kifua chafuata, na mkono wapita mbele ya kifua na kuachia kisahani.

Tazameni kwamba tatu ni ya mguu, na nne ni ya mkono. Hizi ni mbili, wala si moja. Kosa kubwa la wanaoanza ni kuziunganisha. Mguu ungali hewani, mkono umekwisha anza kuvuta. Hapo mtu hurusha akiwa amesimama juu ya mguu mmoja wa nyuma, hana breki, hana egemeo, na kazi yote yaangukia bega na kiwiko. Ndiyo maana wengine hurudi nyumbani na kiwiko chenye maumivu, wakasema mchezo ni mbaya. Mchezo si mbaya. Mkono wao haukungoja zamu yake.

Sasa tufanye, polepole kama mtu apitaye mtoni juu ya mawe. Nitahesabu.

Moja... mbili... tatu... simama hapo! Msigeuke. Mguu wa kulia umekanyaga? Mkono ungali nyuma? Vizuri. Sasa: nne.

(Kimya kidogo.)

Tena. Moja... mbili... tatu... ngoja... nne.

Rudieni mara kumi, mwalimu akihesabu. Asiwepo wa kumcheka mwenziwe. Mtoto hujifunza kutembea akianguka mbele ya watu wote, wala haoni haya. Sisi watu wazima twaona haya kutembea polepole mbele ya wenzetu, na haya hiyo hutuzuia kujifunza mambo mengi zaidi ya kisahani. Mtu aliyeingia darasani kusoma herufi zake za kwanza akiwa na wajukuu, huyo amekwisha shinda haya kubwa kuliko hii. Pole pole ndio mwendo.

MGUU WA MBELE NA GOTI

Sasa nisikilizeni kwa makini sana, maana hapa ndipo watu huumia.

Mguu wa kulia ukanyagapo katika hatua ya tatu, vidole vyake visielekee mlangoni moja kwa moja. Vikielekea mlangoni, nyonga zitakuwa zimekwisha funguka mapema, na nguvu imemwagika. Vielekee ukuta wa mbele yako, vikiwa vimefunguka kidogo kuelekea upande wa mlango. Wengi hutanguliza sehemu ya mbele ya wayo, kisha kisigino hushuka, na uzito wote ukaja juu ya mguu huo.

Sasa mwili unageuka kwa nguvu juu ya mguu mmoja. Je, goti litafanya nini?

Goti ni kama bawaba ya mlango. Kazi yake ni kukunja na kukunjua. Kugeuka upande hugeuka kidogo sana. Nyonga si hivyo. Kichwa cha mfupa wa paja ni cha mviringo, nacho hukaa ndani ya tundu kama mchi ndani ya kinu, kwa hiyo huweza kugeuka pande nyingi. Basi kugeuka kwote tunakokufanya lazima kutoke nyongani, na chini kabisa kutoke katika wayo. Kama wayo umeshikwa na ardhi na mwili unageuka, goti lililo katikati husokotwa kama nguo inayokamuliwa. Bawaba ikisokotwa hung'oka.

Dawa yake ni kisigino. Kisahani kikishaachiwa, acha uzito ukae juu ya kisigino cha mguu wa mbele, vidole viinuke kidogo, na wayo wote ugeuke kuelekea mlangoni pamoja na mwili. Mguu wa nyuma nao usibaki umenata ardhini. Uache unyanyuke, uje mbele wenyewe, kama mtu anayeendelea na safari yake. Mkono nao usisimamishwe kwa ghafula. Uache uzunguke mpaka uishe mwendo.

Tujaribu bila hatua. Simama kwa ubavu. Egemea mguu wa mbele. Inua vidole vya mguu huo kidogo, kisigino kikiwa chini, ugeuke mpaka uso wako uutazame mlango. Kama unahisi goti linavutwa, umekosea: rudi, inua vidole zaidi, geuza mguu wote kwa pamoja.

Kwa sababu hiyo viatu na ardhi ni jambo kubwa. Kiatu kilichong'ang'ania sana zege huzuia wayo usigeuke. Majani mabichi yenye umande huteleza, na breki yako ikakosa kushika. Chunguza ardhi kwanza, kisha punguza kasi yako ifae ardhi hiyo. Mwenda pole hajikwai.

MKONO UPITE WAPI

Sasa naja kwenye mkono, na kama nilivyosema, ni wa mwisho.

Mkono ukirudi kutoka nyuma, upite kwa mstari ulionyooka karibu na kifua, kama mtu avutaye kamba ya kisima kwa ubavu. Kiwiko kitangulie, kisahani kifuate. Kati ya kifua na sehemu ya juu ya mkono wako pawe na nafasi, kama kwamba umekumbatia mpira mkubwa. Ukibana mkono kwenye kifua, kisahani hakitakuwa na njia iliyonyooka; kitakuzunguka mwili kama mtoto anayezunguka nguzo, nacho kitachelewa kutoka.

Mshiko uwe wa wastani. Mnakumbuka siku za kwanza mlizoshika kalamu? Wengi walikandamiza mpaka ncha ikavunjika na karatasi ikatoboka. Mkono uliokaza hauandiki vizuri, wala haurushi vizuri. Shika kwa ulegevu kiasi, kisha vidole vitakaza vyenyewe mwishoni, mahali pa kuachia.

Na mabega yafuate mlalo wa kisahani. Ukitaka kisahani kiende kimelala sawa, mabega yageuke sawa na kisahani. Ukitaka kisahani kiinamie upande, usikipinde kwa kifundo cha mkono. Inama wewe mwenyewe kutoka nyongani, na kisahani kitainama pamoja nawe.

KUSOMA MRUKO WA KISAHANI

Wanafunzi wa darasa la kusoma, hapa pana barua ya kusoma. Kisahani kinaporuka huandika hewani habari za miguu yako. Ajuaye kusoma haihitaji kuambiwa na mtu.

Kama kisahani kimepanda juu mbele, kikasimama hewani, kisha kikaanguka karibu, barua yasema: "Uliegemea nyuma." Uzito ulibaki mguu wa kushoto, kifua kikatazama juu, na ukingo wa mbele wa kisahani ukainuka. Rudi ukafanye zoezi la kuhamisha uzito.

Kama kisahani kimetoka kuelekea kulia kwa lengo, na wewe ni wa mkono wa kulia, huenda barua yasema: "Ulibana mkono kifuani, ukachelewa kuniachia." Acha nafasi ya ule mpira mkubwa.

Kama kisahani kimekwenda sawa lakini hakina nguvu, na bega lako limechoka, barua yasema: "Mkono haukungoja mguu." Rudi kwenye hesabu: tatu, ngoja, nne.

Na kama kimekwenda vizuri, na mwishoni kikapinda kuelekea kushoto, usijilaumu. Kisahani kilichorushwa namna hii kwa mkono wa kulia huzunguka kama mshale wa saa, na kikipungua kasi huelekea kushoto. Hiyo ni tabia yake. Lenga ukijua hivyo.

SHERIA NAYO YATAZAMA MIGUU

Hata sheria za mchezo huu zimeandikwa kwa ajili ya miguu. Baada ya mrusho wa kwanza, mchezaji huenda mahali kisahani kilipotua na kuweka kisahani kidogo cha alama. Anaporusha tena, mguu wake mmoja lazima uwe nyuma ya alama hiyo, katika nafasi yenye urefu wa sentimita 30 na upana wa sentimita 20 tu. Na akiwa ndani ya mita 10 za kikapu, hana ruhusa ya kupita mbele ya alama mpaka aonyeshe kwamba amesimama imara baada ya kurusha. Anayejirusha pamoja na kisahani chake amevunja sheria. Basi mtu asiyetawala miguu yake hukosa umbali akiwa mbali, na hukosa sheria akiwa karibu.

UMRI SI KIZUIZI

Labda mzee mmoja ananiwazia, "Hayo ni ya vijana." Hapana, mzee wangu. Ken Climo wa Marekani alipata ubingwa wa dunia mara 12. Alishinda mfululizo tangu mwaka 1990 hadi 1998, na mara yake ya mwisho ilikuwa mwaka 2006, umri wake ukiwa umekaribia miaka 40, akishindana na vijana wenye mikono mipya. Chama cha mchezo huu kina mashindano ya dunia kwa watu waliopita miaka 40, 50, 60, na hata 70.

Wanaodumu hivyo si wale wenye nguvu nyingi za mkono. Nguvu za mkono hupungua kwa miaka, wala hakuna wa kuzizuia. Lakini mpangilio wa mwili, yaani mguu kwanza, nyonga pili, mkono mwisho, hauzeeki upesi. Na faida yake haiishi uwanjani. Ukiinua gunia, anza na miguu. Ukifyeka majani, hamisha uzito, usivute kwa bega tupu. Ukichota maji, inama nyongani, usipinde mgongo. Goti na mgongo hatuna akiba yake sandukuni. Tuliyo nayo ndiyo hayo hayo ya kulimia, ya kubebea watoto na ya kuzeekea.

KAZI YA WIKI HII

Kila siku, kwa dakika kumi, fanyeni mambo matatu. Kwanza, tembea kidogo na kuzungusha mabega mpaka mwili upate joto. Mwili baridi usiulazimishe. Pili, hamisha uzito nyuma na mbele mara 20. Tatu, chukua kanga au taulo, funga fundo ncha moja, ushike ncha nyingine, na ufanye hatua zetu: moja, mbili, tatu, ngoja, nne. Ukisikia kanga ikivuma mbele yako, upande wa mlango, umefanya vizuri. Ikivuma nyuma yako, mkono umetangulia. Kabla ya kurusha kitu cho chote, tazama kwamba hakuna mtu wala mtoto karibu. Na maumivu ya goti, kiwiko au mgongo yakitokea, acha mara moja. Maumivu si ushujaa.

Kwa leo naishia hapo. Mwalimu wa darasa ataendelea na maneno na maswali.

MANENO YA KUSOMA NA KUANDIKA

Nyonga: kiungo kati ya paja na kiwiliwili.
Kisigino: sehemu ya nyuma ya wayo.
Kiwiko: kiungo cha katikati ya mkono.
Uti wa mgongo: mfululizo wa mifupa tangu shingoni mpaka kiunoni na chini yake.
Bawaba: chuma kinachoshika mlango ili ufunguke na kufungwa.
Egemeo: kitu cha kutegemezea uzito.

MASWALI

1. Kisahani cha kurushia mbali kina uzito wa gramu ngapi?
2. Katika hesabu yetu, "tatu" ni ya kiungo gani, na "nne" ni ya kiungo gani? Kwa nini hazipaswi kuunganishwa?
3. Goti limefananishwa na nini? Nyonga imefananishwa na nini? Eleza tofauti yake.
4. Kisahani kikipanda juu na kuanguka karibu, chakuambia nini juu ya mwili wako?
5. Andika sentensi mbili juu ya kazi moja ya nyumbani au shambani ambayo utaifanya kwa kuanza na miguu.